Jibu Huja na Barua Ifuatayo

Ng'ambo, Unguja
14 Septemba 1969

Kwa mdogo wangu Matar,

Salamu zetu zikufikie huko kwenye miwa. Sisi hatujambo. Shangazi Shemsa wa Bububu anaumwa na magoti, lakini ulimi wake mzima na unafanya kazi ya viungo vyote vilivyobaki. Sukari siku hizi tunaipangia foleni, na wewe serikali imekupeleka Kuba kusomea ufundi wa kuipika. Kila nikisimama foleni nakutukana kidogo, unisamehe. Nyumba yetu imetiwa nambari kwa rangi nyekundu, ubavuni mwa mlango. Yale majumba marefu ya Michenzani yanakuja upande wetu, na mstari wa mpimaji, wanasema, umepita juu ya kitanda changu. Lini watabomoa hatujui. Nguo za watu nashona haraka haraka nisije nikafukuzwa na gauni la mtu likiwa kwenye cherahani.

Barua yako ya Julai ilifika imeshafunguliwa na kugundishwa upya. Ndiyo desturi ya sasa, kwa hivyo usiniandikie mambo ya kunitia haya mbele ya msomaji wa kwanza.

Sasa la Baba. Fumbo lake V C L S O E umelitolea maneno kumi na moja, nalo lile kubwa linalomaliza herufi zote umelikosa. Jibu ni CLOVES. Alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Mtoto wa Unguja kashindwa kuona karafuu!" Kalitangaza barazani kwa Mkubwa fundi viatu, na Mkubwa hajui hata A, lakini kacheka naye.

Anakukumbusha kanuni zake mbili, utadhani tunaweza kuzisahau. Neno ukiliona unalitaja, huliweki kibindoni. Na jibu haliendi pamoja na fumbo, huja na barua ifuatayo. Anayeliomba kabla ya wakati wake kashindwa. Unakumbuka ulivyoficha neno moja ulitumie mchezo wa pili, akakusimamisha mlangoni pa kiwanda cha chapa mpaka mafundi wote wakatoka? Ulikuwa na miaka minane, na mimi nilikuletea maji.

Safari hii hataki Kiingereza. Anataka umtumie fumbo la Kihispania. Nikamwambia, Baba, Kihispania hukijui hata salamu. Akasema kapanga herufi za risasi miaka thelathini na tano, na kachapisha vitabu vya lugha chungu nzima asizozijua, na herufi ni zile zile. Usimtumie la kitoto.

Dada yako,
Tabia Shaame


Havana
20 Oktoba 1969

Dada Tabia, shikamoo. Na Baba shikamoo yake peke yake.

Mimi mzima wa afya. Nimenenepa shingo tu, sijui kwa nini. Huku wanakunywa kahawa kwa vikombe vidogo kama vya kwetu, ila wanaitia sukari mpaka kijiko kinasimama, na kila nikinywa nakukumbuka kwenye foleni yako. Habari za nyumba zimenisikitisha. Ukihama usiache kuuchukua ule ubao wa mlango wa uani niliouchora kwa kisu. Najua hauna maana, uchukue tu.

Nimeona haya kwa karafuu. Sina la kujitetea.

Baba, hili hapa la Kihispania. Herufi nane, na neno lenyewe linazimaliza zote:

P M R S O I A A

Nimezipanga kama unavyozipanga wewe, nikianza na zile za pembeni mwa kasha la herufi za chapa ambazo mkono huzifuata mara chache, nikamalizia zile zilizo karibu na kidole. Ni kitu kinachoonekana huku kila siku, na huko kwetu pia. Sisemi zaidi.

Barua yangu ifuatayo itachelewa. Nchi nzima inaondoka kwenda shamba kukata miwa, madaktari, walimu, wapiga ngoma, wote, na sisi wanafunzi wa kigeni tumo. Wanataka tani milioni kumi. Mimi nitakuwa mkoa wa Camagüey mpaka kazi iishe. Jibu litakuja tukishakuwa tayari, Baba. Kanuni ni yako.

Mwanao na mdogo wako,
Matar


Ng'ambo, Unguja
18 Desemba 1969

Mpendwa Matar,

Natumai barua hii itakukuta salama huko mashambani. Idd imepita. Nilishona nguo nyingi za watoto wa watu, mikono bado inaniuma. Shangazi Shemsa amehamia kwangu kwa muda, kwa sababu Baba yuko Bububu.

Baba alipata wageni. Walikuja asubuhi akisikiliza redio, na akaondoka nao hapo hapo. Hata miwani yake imebaki juu ya redio. Wageni wenyewe wamependezwa sana na fumbo lako. Wanataka kulijua jibu lake, nao si watu wa kuwekwa wakingoja.

Kwa hivyo, mdogo wangu, safari hii iache kanuni. Andika neno lenyewe, na maana yake kwa Kiswahili, uandike wazi kabisa. Ukiweza, kata ukurasa wa kamusi wenye neno hilo uutie ndani ya bahasha. Fanya siku ile ile utakayoipata barua hii. Tangu umeondoka sijakuomba hata sindano. Hili nakuomba.

Baba hakuweka fumbo safari hii.

Nyumba bado imesimama. Ubao wako nimeshaung'oa.

Dada yako,
Tabia


Camagüey
2 Machi 1970

Dada yangu kipenzi, shikamoo.

Barua yako imenifuata mikoa miwili mpaka ikanikuta katikati ya miwa, imepakaa masizi kama mimi. Mashamba yanachomwa moto kabla ya kukatwa, na sisi tunaingia nyuma ya moto na visu virefu. Viganja vyangu vimetoboka, vimepona, vimetoboka tena. Ukiniona utanipeleka dukani nikauzwe kama mkaa.

Nimecheka peke yangu hadi jirani yangu wa chandarua akadhani nimepigwa na jua. Baba kashindwa! Na kwa kuwa hawezi kutamka neno hilo, kamtuma dada! Namwona kabisa: kakaa Bububu na wageni wake, kajigamba kwamba hakuna fumbo lililomshinda tangu zama za mkoloni, wakamletea herufi zangu nane, kashikwa. Na wewe umekubali kuwa wakili wake, hodari wa kubembeleza. "Sijakuomba hata sindano!" Nilitaka kulia kwa kicheko.

Dada, mwambie hivi kwa sauti yangu. Anayeomba jibu kabla ya wakati wake kashindwa. Akubali kwa mkono wake mwenyewe, mstari mmoja tu: Mimi Shaame nimeshindwa na mwanangu. Nikiupata mstari huo nampa jibu siku ile ile, na ukurasa wa kamusi juu yake. Tangu nisimamishwe mlangoni pa kiwanda nimekuwa nikiungoja.

Ila nisionekane sina huruma, nampa dokezo: kitu chenyewe hakina uzito, upepo unakichukua.

Wasalimie hao wageni. Waambie mzee wenu leo kapatikana.

Matar


Ng'ambo, Unguja
21 Aprili 1970

Matar,

Salamu utazipata siku nyingine. Sote wazima isipokuwa mmoja. Barua hii haipiti posta ya Unguja. Mwanakheri mkunga anavuka kwenda Dar es Salaam kumwangalia mwanawe, na ataitia posta huko. Kwa hivyo leo nitasema.

Baba hayuko Bububu. Mwenye nyumba ya Bububu ni Shangazi Shemsa, na nilikwambia kwamba Shangazi kahamia kwangu, hukushangaa? Nilikwambia miwani imebaki juu ya redio. Baba hata chooni haendi bila ya miwani. Nilidhani hilo peke yake lingekutosha.

Wale wageni ni watu wa usalama, na walimchukua tarehe pili Desemba, saa moja asubuhi, kwa sababu ya herufi zako nane. Hebu isome ile barua yako kwa jicho la mtu asiyetujua. Inatoka nchi ya mbali. Ina herufi zisizosomeka. Chini yake imeandikwa kwamba nchi nzima inaondoka kwenda shamba, na kwamba jibu litakuja tukishakuwa tayari. Waliniita na mimi. Nikawaambia ni mchezo wa nyumbani kwetu, tumeucheza tangu watoto. Wakaniuliza, "Mchezo gani huo, bibi, fumbo linatumwa na jibu linafichwa?" Nilipojaribu kuwaeleza kanuni ya Baba nilijisikia mimi mwenyewe kwamba naongopa.

Sasa sikiliza kilichomharibia. Nimehadithiwa na mtu anayeandika katika ofisi ya hao waliomchukua, na jina lake silitaji. Walimpa Baba karatasi na kalamu, wakamwambia aoneshe mchezo wenyewe unavyochezwa. Mtu mwingine angeandika maneno matatu ya upuuzi akaweka kalamu chini. Unamjua baba yako. Alikaa asubuhi nzima mpaka adhuhuri, hana miwani, uso umegusa meza, akaandika maneno thelathini na moja ya Kiingereza, maana Kihispania hana. Aliandika sabuni. Aliandika jozi, na hewa, na makasia. Halafu akaandika ARMS, silaha. Akaandika MAPS, ramani. Akaandika AIM, kulenga shabaha. Neno ukiliona unalitaja, huliweki kibindoni. Yule mtu anasema aliwakabidhi ile karatasi akitabasamu, akawataka radhi kwamba lipo moja kubwa limemshinda.

Hayo matatu wameyapigia mstari. Wanasema Kihispania ni kifuniko tu, maneno yenyewe ni hayo, na mzee kayatoa kwa mkono wake bila ya kulazimishwa.

Hatujaruhusiwa kumwona. Kila Ijumaa napeleka sahani ya wali mlangoni kwao, na Ijumaa inayofuata napewa sahani ikiwa imeoshwa. Nani anakula, sijui. Miwani nimeipeleka mara tatu, na imerudi mara tatu.

Yule mwandishi anasema likipatikana jibu la kweli, lenye ukurasa wa kamusi, faili lina pahali pa kulitia, na huenda wakubwa wakasikiliza. Bila ya hilo, jibu lililomo ni ARMS na MAPS. Niletee neno hilo, Matar. Barua yako ya Machi nimeisoma, na Shangazi kaniuliza unasema nini, nikamwambia unasalimu.

Tabia


Havana
30 Julai 1970

Dada yangu,

Barua yako ilifika hapa bwenini mwezi wa Juni, ikalala katika kisanduku changu, na mimi bado nimo kwenye miwa. Nimerudi jana. Nimeisoma nimesimama, mkoba begani.

Jibu ni MARIPOSA. Maana yake kipepeo. Ni kipepeo tu, dada. Kuna pia ua jeupe la huku linaloitwa hivyo hivyo kwa kuwa linafanana naye. Hakuna kingine. Wako wengi nje ya darasa letu, na siku ile nilipoandika alikuwapo mmoja amekaa dirishani, na ndipo nilipopata wazo la fumbo.

Nimetia ukurasa wa kamusi. Nimetia barua ya mwalimu wangu yenye muhuri wa chuo, ikishuhudia kwamba neno hilo lina maana hiyo. Nimetia na picha niliyoikata kitabuni. Vyote vipeleke. Waambie mimi ndiye niliyeandika, Baba hajui chochote, hajui hata kusema bwana hujambo kwa lugha hii. Waambie kama wanataka mtu, mtu ni mimi.

Usiniulize barua yako ya Desemba ilinikuta vipi na nilifanya nini nilipoipata. Nimesoma neno la miwani upya. Nalisoma kila baada ya muda kidogo. Sijui nilikuwa na macho gani.

Zile tani milioni kumi hazikufika. Watu wanatembea hapa vichwa chini, na mimi natembea kati yao, wananidhania ni mwenzao katika huzuni yao.

Nijibu upesi.

Matar


Bububu, Unguja
11 Oktoba 1970

Mdogo wangu Matar,

Barua hii pia inapitia Dar, kwa mkono wa Mwanakheri, na jibu lako lipitie huko huko, kwa anwani yake niliyoiandika nyuma ya bahasha.

Nyumba ilibomolewa mwezi wa Agosti. Tulipewa siku nne. Sasa mimi na Shangazi tuko kwake, na kila nikiandika neno Bububu juu ya karatasi nakumbuka uongo wangu. Cherahani ilipakiwa juu ya gari la ng'ombe ikaanguka njiani, lakini inashona.

Bahasha yako ilifika mwisho wa Septemba. Nilivaa buibui jipya, nikaenda ofisini na kila kitu, ukurasa, muhuri, picha. Nilikaa kwenye benchi siku tatu. Siku ya nne niliitwa ndani, kwa bwana mmoja mpole, na sikwambii hivyo kwa kejeli. Alinipa kiti. Alisoma kila kitu polepole, na picha akaitazama sana.

"Kipepeo," akasema.

"Naam, bwana. Kipepeo."

"Bi Tabia, mzee wako ana miezi kumi huku."

"Nnajua, bwana. Nnazihesabu Ijumaa zake."

"Basi na mimi nimwandikie mkubwa wangu kwamba tumemweka mtu miezi kumi kwa sababu ya kipepeo?"

"Ndivyo ilivyo, bwana."

Halafu akasema, "Lingekuwa neno jengine, hata baya, ningelijua pa kulitia. Hili nikilipeleka, mkubwa atacheka. Akishacheka, atauliza nani aliyetoa amri." Akazikusanya karatasi zako moja moja, akazinyoosha, akanirudishia mkononi. "Chukua. Nyumbani kwako zisionekane. Sisi jibu tunalo, keshatupa mwenyewe."

Nilimwambia kwamba Baba aliandika yale maneno kwa sababu ndio mchezo, kwamba hajawahi kuficha neno maishani mwake. Akanambia anasadiki. Hilo ndilo lililonivunja, Matar. Angelinifokea ningelirudi nyumbani na hasira yangu. Alinisadiki, na akanifungulia mlango nitoke.

Nilizichoma karatasi jikoni. Picha nilitaka kuibakisha, Shangazi akaninyang'anya akaitia motoni.

Usije. Nakujua, umeshaanza kufikiria meli. Jina lako liko juu ya barua ile, na ukishuka gatini hutafika hata soko la Darajani. Wakikupata wewe, maneno thelathini na moja yatakuwa na mwandishi na msomaji wake, na kesi itakuwa imetimia. Kaa huko. Jifunze hiyo sukari.

Napeleka sahani kila Ijumaa. Bado inarudi imeoshwa.

Dada yako,
Tabia


Havana
6 Januari 1971

Dada Tabia, shikamoo.

Naandika anwani ya Mwanakheri ya Dar kama ulivyoagiza. Sijui itakufikia lini, na sijui nikusalimu vipi.

Niliapa sitakwambia jambo hili, na nakwambia. Ile Machi, siku nilipoipata barua yako shambani, kitu cha mwanzo nilichofanya ni kuandika jibu. Niliandika chini kabisa ya ukurasa: MARIPOSA, kipepeo, Baba, umeponea chupuchupu. Kisha nikaisoma barua yangu tangu juu, nikaona utani wangu umependeza, nikaona jibu linauharibu. Nikaukata mstari ule kwa kisu cha miwa. Kikaratasi kilikuwa na upana wa kidole. Nilikitupa pale pale.

Karatasi ya barua ile utaiona chini haikunyooka. Itazame. Au usiitazame.

Nataka kurudi. Nitakwenda mwenyewe kwa bwana yule nimwambie. Kama hataki kipepeo basi nitamwandikia chochote anachotaka, niweke sahihi, wamtoe. Nambie neno wanalolitaka.

Nambie pia jambo moja, dada, na unambie kweli. Kile kikaratasi kingelifika Aprili, kingelimtoa?

Matar


Bububu, Unguja
10 Machi 1971

Matar,

Baba amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Walituletea tarehe ishirini na sita Februari, saa nne asubuhi, ndani ya gari, ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Walisema ni kifua. Tulimzika Mwanakwerekwe kabla ya sala ya adhuhuri. Walikuja watu tisa. Mkubwa fundi viatu alikuja, na alilia kwa sauti mpaka watu wakamwambia anyamaze. Nimemwekea hitima ndogo hapa kwa Shangazi, na mlango tuliufunga.

Barua yako ya Machi mwaka jana ninayo. Niliitoa nikaitazama. Chini haikunyooka, kweli. Niliona tangu siku ya kwanza, nikadhani karatasi huko ni za shida.

Unaniuliza kama kikaratasi kingemtoa. Sitakujibu. Nikisema hapana, nitakuwa nimekuondolea mzigo bila ya kujua kama ni haki yangu kuuondoa. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimemzika na wa pili. Nimekasirika nawe, Matar, nakasirika mpaka uzi unanikatikia mkononi, na wewe ndiye mtu wa pekee niliyebaki naye anayejua Baba alikuwa akicheka vipi. Sina pa kuyaweka yote mawili.

Mwanakheri ameulizwa maswali. Anwani ile usiitumie tena, na hii ya Bububu usiitumie. Kila barua yako ikija kuna mtu hapa ataitwa, na Shangazi hana magoti ya kukaa kwenye benchi lile. Kwa hivyo usiandike. Nami siandiki. Siku zikibadilika utasikia, na zisipobadilika, uoe huko, uwe na watoto, na usiwafundishe mchezo huu. Au wafundishe. Sijui.

Ubao wako wa mlango ninao. Upo chini ya kitanda changu, nimeufunga shuka.

Limebaki moja. Nguo zake tulirudishiwa ndani ya kikapu: shati, msuli, kofia, na sahani yangu ya mwisho, haikuoshwa. Katika mfuko wa shati mlikuwa na kipande cha boksi la sigara, na yeye sigara alikuwa havuti. Kimeandikwa kwa herufi kubwa kubwa, mwandiko wa mtu asiyeona:

Kwa Matar. P L S T A E

Ni lake, hakulitunga mtu mwengine. Zimepangwa kuanzia pembeni mwa kasha kuja kidoleni.

Nimelifanya. Nimepata maneno matatu ya Kiingereza yanayozimaliza herufi zote, na huenda yapo mengine. Moja ni PETALS, petali za ua. Moja ni PLEATS, marinda, na unaikumbuka kanzu ya marinda ya marehemu mama aliyoivaa katika ile picha yake. Na moja ni PLATES, sahani, zikiwa nyingi.

Nimekaa na kipande hiki wiki mbili. Sijui alikuwa akifikiria maua, au alikuwa akimfikiria mama, au alikuwa anataka kunijulisha, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwamba sahani zangu za Ijumaa zilimfikia. Hili la mwisho ningetoa macho yangu nilijue. Lakini hakuandika jibu. Jibu, kanuni yake ni ile ile, huja na barua ifuatayo.

Dada yako,
Tabia Shaame